Fundi na Bei ya Kazi Yake

Wahenga walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii, msomaji, umeifahamu tangu utotoni, nami siikanushi. Walakini nakuomba uipime pamoja nami, maana kwa mtu anayetaka kuishi kwa kazi ya sanaa ni nusu ya ukweli tu. Chema hujiuza, lakini methali haisemi chajiuza kwa bei gani, wala haisemi mwenye chema atakula nini siku mnunuzi akikawia. Hapo ndipo lilipo swali letu: je, mtu aweza kuuza kazi ya mikono yake asiuze pamoja nayo heshima yake?

Wako wasemao kwamba hawezi. Kwa maoni yao, sanaa ikiisha kuingia sokoni huwa bidhaa kama chumvi, na fundi huwa mtumwa wa mwenye fedha. Maneno haya hupendeza masikioni mwa mtu aliyekwisha kula. Fundi wa Lamu aliyechonga mlango wa nakshi alilipwa na mwenye nyumba, na uzuri wa mlango haukupungua kwa sababu ya malipo yale. Riziki ya halali haimshushi mtu cheo. Kimshushacho ni kitu kingine, nasi tukitafute katika mfano ulio karibu nasi.

Huko Wamunyu, katika nchi ya Ukambani, aliishi mtu aliyeitwa Mutisya Munge. Yasimuliwa kwamba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iliyopiganwa kati ya 1914 na 1918, alifika katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, akajifunza kwa wachongaji wa vinyago wa huko. Aliporudi kwao alichonga mwenyewe, na kazi ile ikaenea kwa jamaa na majirani hata ikawa riziki ya maelfu ya watu. Angalia jambo hili kwa makini. Mahali pale hapakuwa na bandari wala kiwanda. Palikuwa na tezo, patasi, na mikono iliyokubali kufundishwa. Kwa hiyo usiamini kwamba kipaji hakina budi kuhamia Nairobi ndipo kizae matunda.

Sasa fikiri habari za mchongaji mmoja wa mahali kama pale. Leo ni Ijumaa, na Jumatatu mtoto wake atarudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya karo. Mchuuzi anakuja, ataka twiga 12 kwa bei isiyotosha hata gharama ya mti, sembuse jasho. "Ukikataa," asema, "jirani yako atakubali." Tena ataka twiga wale wawe wa mpingo. Mpingo hakuna; lakini upo mti mweupe, na lipo kopo la rangi nyeusi ya viatu, na mgeni atakayenunua hatajua tofauti. Je, wewe ungemshauri nini?

Ni rahisi kumwambia akatae. Lakini ushauri usiomgharimu mshauri hata senti moja ni mwepesi kama unyoya. Mimi siwezi kumlaumu kwa kuchonga twiga, kwa kuwa twiga aliyechongwa kwa uangalifu ni kazi njema, hata akiwa wa elfu moja. Siwezi kumlaumu hata kwa kuipokea bei duni, maana haja ya mtoto haingoji. Lakini kopo la rangi siwezi kulitetea. Bei duni humdhulumu fundi mwenyewe. Uongo humdhulumu mnunuzi, na kesho utawadhulumu wachongaji wote, kwa sababu mtu aliyedanganywa mara moja hatauamini tena hata mpingo wa kweli.

Walakini tukiishia hapo tutakuwa tumemtwisha mtu mmoja mzigo usio wake peke yake. Rudi ukayasikilize tena maneno ya mchuuzi: "Jirani yako atakubali." Hiyo ndiyo silaha yake, na ni silaha aliyopewa na mafundi wenyewe kwa kutosemezana. Uaminifu wa mtu mmoja mwenye dhiki ni kama mshumaa penye upepo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Wachongaji wa Kikamba wa Mombasa walilitambua jambo hili. Mwaka 1963 waliunda chama cha ushirika huko Changamwe. Hukaa vibandani mwao, kila mtu na kazi yake. Kisha vinyago huuzwa katika duka lao wote, na kila kinyago huwa na namba ya aliyekichonga. Namba ile ni ndogo kwa macho, lakini ni sawa na sahihi chini ya ahadi. Kazi njema hujulikana imetoka mikononi mwa nani, na kazi mbovu kadhalika. Sisemi kwamba vyama havina makosa. Fedha za wengi huwajaribu wachache. Nasema tu kwamba penye chama, mwema hahitaji kuwa shujaa ndipo awe mwema.

Ndivyo ilivyo hata katika habari za mti. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa, na muhugu, uliopendwa sana na wachongaji wa Kenya, nao hukua polepole. Yote miwili ilikatwa kuliko ilivyoota. Mchongaji mmoja akiuhurumia mti, mwenzake huukata kesho yake, na huruma ile huwa hasara tupu. Lakini tangu miaka ya 1990 wachongaji wengi waligeukia mwarobaini na mwembe, miti ikuayo upesi na kupatikana kwa wingi. Waliokubaliana hivyo hawakupoteza ustadi wao, nao wamewaachia wajukuu msitu.

Pengine wewe, msomaji, una mkono wa kuchora, au wa kushona, au wa kusuka viondoo, au sikio la muziki. Usione haya kutaka kuishi kwa kipaji hicho, wala usione haya kutaja bei yake. Lakini kumbuka kwamba ulifundishwa na mtu, kama Munge alivyofundishwa, na kwamba heshima ya fundi hailindwi na fundi mmoja. Ipo siku mchuuzi atakuja kukuambia kwamba jirani yako atakubali. Siku hiyo yafaa ikukute umekwisha kuzungumza na jirani yako.