Neno Lilimjia Nani?
Somo: Luka 3:1-2



Tukifika mistari hii wengi tunapita mbio. Luka anataja wakubwa saba: Tiberio, Pilato, Herode, Filipo, Lisania, Anasi na Kayafa. Lakini neno la Mungu halikumjia hata mmoja wao. Lilimjia Yohana mwana wa Zakaria, kule jangwani. Wakubwa wale ni kalenda tu. Habari yenyewe ni ya mtu wa jangwani.

Hata sisi, karatasi za wengi wetu zinaonyesha tumezaliwa tarehe 1 Januari. Si kwamba tulizaliwa siku moja, bali aliyeandika alikadiria. Wazee wetu walihesabu kama Luka.

Sisi tunaoandika tunamkumbuka babu yetu wa Fizi. Alizaliwa wakati baba yake amechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi la Wabelgiji kwenda Tabora, mji uliotekwa Septemba 1916. Ujana wake ulikwisha katika mashamba ya pamba ya lazima. Uhuru ulipokuja, tarehe 30 Juni 1960, alikuwa na miaka kama 44. Wakati wa vita ya Mulele, 1964, alilala porini na watoto, na kila jioni aliwaombea mmoja mmoja kwa jina. Mwaka 1972 Mobutu alipokataza majina ya Kikristo, babu alipewa jina jingine kwenye kitambulisho, lakini nyumbani aliitikia lile la ubatizo hadi alipofariki, mwaka ule Muhammad Ali alipopigana Kinshasa, 1974.

Vitabu vitawataja Wabelgiji na Mobutu. Sala za porini nani atazitaja, kama si sisi?

Wapendwa, watoto wetu waliozaliwa kambini wengi hawajui jina la baba wa babu yao. Mzee akizikwa kabla hajaulizwa, amezikwa na kalenda yake. Basi vijana, chukueni daftari, mkae na wazee. Msiulize, "Ulizaliwa tarehe gani?" Ulizeni, "Uhuru ulikukuta wapi? Vita ya Mulele ulikuwa unatembea, au ulikuwa mgongoni mwa mama? Mungu aliwasaidiaje?"

Tusiandike ili kutafuta kisasi. Wala wazee hatuwaabudu. Tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Na tusione haya kwamba walikimbia. Katika Kumbukumbu la Torati 26, Mwisraeli aliyeleta malimbuko aliagizwa kukiri kwanza kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga. Ndipo akaweka kapu lake mbele za Bwana.

Tuombe: Ee Bwana, uliyewajua baba zetu porini, utujue na sisi ugenini. Wape wazee wetu nguvu ya kusimulia, na watoto masikio ya kusikia. Amina.