"Old Man" Si Mzee

Mwezi uliopita nilimkosea baba yangu kwa neno moja la Kiingereza. Mpaka leo hajui, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nina miaka 24. Nilimaliza kidato cha sita, kazi sijapata, basi naandika riwaya. Sura ya kwanza niliiandika kwa Kiingereza. Si unajua tena sisi vijana tukitaka kuonekana wasomi! Humo baba nilimwita "my old man". Yeye ni fundi cherehani. Jioni moja akaniomba nimsomee, nami nikatafsiri papo hapo: "mzee wangu". Akatabasamu, akaiweka pasi ya mkaa pembeni ili asikilize vizuri.

Kumbe mimi sikuwa nimeandika mzee. Nilikuwa nimeandika kibabu fulani cha kuchekesha, kinachotunga uzi kwenye sindano robo saa nzima huku kikiilaumu sindano. Aya hiyo nikairuka.

Tangu siku ile nimekuwa nikilichungulia neno "old". Waingereza wanalitumia kama chumvi. Mtoto mchanga husemwa ni "three days old". Ukitafsiri kijinga utapata mzee wa siku tatu! Lakini asili ya neno hilo ni mzizi wa kale wenye maana ya kulisha na kukuza. Kwa hiyo mtoto yule hajazeeka. Amekuzwa siku tatu. "Old friend" naye si lazima awe na mvi, ni rafiki wa siku nyingi. Vijana waliomaliza shule juzi tu huitwa "old boys". Gari bovu linalopendwa na mwenyewe ni "good old car". Hata "new" ina vituko vyake: pale Oxford kuna New College, kilichoanzishwa mwaka 1379, na mpaka leo jina ni hilo hilo, Chuo Kipya.

Naam, maneno hayo mara nyingi hayahesabu miaka. Yanaeleza msemaji amekizoea kitu kiasi gani, au anakipenda vipi.

Sasa tazama yanapomfikia mtu mwenye miaka yake kweli. Hapo msemaji anaona haya. Anatafuta "elderly", anatafuta "senior", au anatania "eighty years young", eti kijana wa miaka 80! Neno alilompa mtoto mchanga bila wasiwasi, bibi ananyimwa, na kunyimwa huko ndiko kunaitwa heshima. Mimi naona ni woga. Ukimficha mtu umri wake, umeshakiri kwamba umri huo ni aibu.

Nilipofika hapo nikataka kushangilia. Sisi bwana tumewashinda! Kwetu mzee ni cheo. Konda anamwita abiria wa miaka 30 mzee, na washikaji wangu kijiweni wananiita mzee mimi nisiye hata na ndevu za kutosha.

Lakini konda huyo huyo husema, "Mzee, sogea nyuma," na mzee wa kweli anasimama mpaka mwisho wa safari huku sisi vijana tumekaa, tunatazama dirishani. Tena lugha yetu hii yenye cheo cha mzee ina neno kikongwe pia. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, wengine ushahidi wao ukiwa macho mekundu tu. Macho yaliyowiva kwa moshi wa kupikia watoto na wajukuu! Waliowaua walikuwa na neno la heshima kinywani tangu utotoni. Liliwasaidia nini wale bibi?

Ndiyo maana sithubutu tena kuwacheka Waingereza. Wao wanaficha uzee kwa kukwepa neno. Mimi nilificha dharau kwa kutumia neno zuri. Baba alitabasamu kwa sababu aliamini kwamba kinywani mwangu na kwenye karatasi yangu kuna mtu mmoja. Walikuwa wawili.

Ndugu msomaji, najua sisi tunaotaka kuandika tunapenda kusema mwandishi yuko huru. Sawa. Lakini je, una uhuru wa kuandika juu ya mtu jambo usiloweza kumsomea akiwa amekaa mbele yako? Mimi nilifikiri ninao. Sasa sina hakika.

Nimeanza kuiandika upya ile sura, safari hii kwa Kiswahili. Sindano nimeiacha, kwa sababu ni kweli macho ya baba yamechoka. Nimeongeza nililolisahau: hizo robo saa ndizo zilizonilipia karo. Jumapili nitamsomea yote, pamoja na ile aya niliyoiruka. Akikasirika, ana haki. Nitamtungia uzi, halafu nitakaa nimsikilize.