Nani Mwenye Maana ya Neno?

Mwaka 1871 Lewis Carroll alitoa kitabu cha pili cha visa vya Alice, Through the Looking-Glass. Jina lake halisi lilikuwa Charles Dodgson, shemasi wa Kianglikana na mwalimu wa hisabati huko Christ Church, Oxford. Kitabuni mna shairi la kijana aliyeua dude. Baba mtu anapomwona mwanawe amerudi na kichwa cha dude hilo, furaha inamtoa kicheko ambacho mwandishi alikitungia neno: chortle. Mwenye sikio analisikia chuckle, kicheko cha chinichini cha kooni, na katikati yake snort, mkoromo wa puani.

Maneno ya namna hii anayaeleza Humpty Dumpty, kiumbe kama yai aketiye juu ya ukuta. Anayaita portmanteau, yaani sanduku la safari lenye pande mbili: maana mbili zimefungashwa katika neno moja. Kisha anavuka mpaka. Anadai kwamba neno akilitumia yeye, litabeba maana anayoitaka yeye. Alice anatilia shaka. Anajibiwa kuwa cha kujua ni nani bwana.

Swali hilo si la kitoto hata kidogo. Katika kitabu chake cha mantiki cha 1896, Dodgson alikubali kuwa mwandishi anaweza kuamua kwamba neno “nyeusi” litamaanisha nyeupe, mradi atangaze mapema. Sharti hilo ni zito, kwa kuwa linamfunga msemaji kwa msikilizaji.

Hata hivyo tangazo pekee halitoshi. Slithy, neno la shairi lilelile alilolifafanua Humpty Dumpty kinagaubaga, limebaki kitabuni. Chortle, ambalo hakuligusa, limeingia kwenye riwaya, magazeti na kamusi, maana watu walilipokea wakalitumia. Mwanafalsafa Wittgenstein, katika kitabu kilichotoka 1953, aliona kuwa mara nyingi maana ya neno ni matumizi yake.

Penye dola, jambo hili linagusa uhuru wa mtu. Mwaka 1940, Uingereza ikiwa vitani, Robert Liversidge aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Kanuni ilimtaka waziri awe na sababu ya msingi ya kumshuku. Majaji wanne kati ya watano wa mahakama ya juu kabisa waliona inatosha waziri mwenyewe aamini kuwa anayo. Jaji Atkin alipinga peke yake, tena kwa haki. Alisema anajua rejea moja tu inayoweza kuhalalisha usomaji wa aina hiyo, akanukuu mazungumzo ya Alice na Humpty Dumpty.