Mbuzi wa Lac Vert

Kijana wetu mmoja wa habari ameniudhi wiki hii, na bado sijapoa. Alileta habari kutoka Lac Vert, hapa Goma: mbuzi wamekutwa alfajiri wamekufa ndani ya shimo kwenye miamba, hawana jeraha. Akaandika, "Mazuku yameua mbuzi." Nikamwongezea neno moja tu: yaelekea. Akaja juu. "Mzee, mbona unanitia woga? Kila mtoto wa Mugunga anajua mazuku!"

Anayajua, ndiyo. Hewa ile ya kaboni hutoka ardhini, ni nzito kuliko hii tunayovuta, hutuama mabondeni usiku usio na upepo, na asubuhi mapema huwa bado ipo, haionekani. Sasa nani aliipima? Hakuna. Kijana aliona mizoga, shimo na saa. Hayo yanatosha kabisa kusema yaelekea ni mazuku. Hayatoshi kusema hakuna aliyewatilia sumu, na mwenye mbuzi ana majirani, na majirani wana kesi za mipaka ya shamba.

Najua yuko atakayenirukia: "Hizo 'yaelekea' na 'huenda' zenu ndizo zilizotutesa 2021!" Tarehe 27 Mei, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kumwaga moto, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe, kwa kuwa mlipuko mwingine, nchi kavu au chini ya Ziwa Kivu, ulikuwa unawezekana. Watu wakafurika njia ya Sake, magodoro kichwani, wakipita Mugunga. Wengine wakavuka kwenda Rwanda. Tulilala nje, maji ya shida. Mlipuko haukuja. Mwezi wa sita tukarudi, na tangu hapo kauli za wataalamu zimekuwa kichekesho cha sokoni.

Kichekesho hicho hakinichekeshi. Amri ile ilikuwa na sababu zake: matetemeko yasiyokoma, nyufa katika barabara za mji, vipimo vilivyoonyesha mawe yaliyoyeyuka yamesogea chini ya miguu yetu. Mlipuko kutokuja hakukuzifanya dalili hizo kuwa uongo. Jioni ya 22 Mei hatukuambiwa hata hiyo 'huenda'; tuliona mbingu nyekundu, tukakimbia.

Mimi adui yangu ni "inasemekana". Aliyesema hatajwi, alichoona hakijulikani, na kesho akiulizwa hayupo. Kijana wangu, huyu asiyetaka woga, hulitia neno hilo katika karibu kila habari na halimsumbui. Aliyeandika yaelekea amekuwekea mezani mizoga, shimo na saa. Ukitaka kubisha, bisha. Huyo wa inasemekana utabishana naye wapi? Kwangu linafutwa, hata kama habari itabaki mistari miwili.