Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Je, mgeni afikapo na kumkosa mwenyeji, ni nani aponaye?

Swali hilo humkabili kila aongozwaye katika mtaa wa Mayahudi wa Mattancherry, mjini Kochi, kusini mwa India. Njia yake ni nyembamba, na madukani mna viungo na vitu vya kale. Mwisho wa njia limesimama sinagogi la Paradesi, lililojengwa mwaka 1568 ubavuni mwa kasri la mfalme, pamoja na mnara wa saa wa mwaka 1760. Wageni huvua viatu mlangoni, kama wavuavyo watu wa pwani waingiapo msikitini. Ndani hukanyaga vigae vya Kichina, vyeupe na vya buluu, vilivyovushwa na bahari ileile iliyoleta sahani za Kichina zilizopachikwa katika makaburi ya Waswahili.

Wenyewe karibu wote wameondoka. Baada ya dola ya Israel kuundwa mwaka 1948, wengi walihamia huko. Hawakufukuzwa, wafalme wa Kochi waliwapa hifadhi kwa karne nyingi. Kiongozi akisimulia wema huo wa wafalme na uzuri wa vigae, msikilizaji hutoka ameridhika.

Lakini nyumba hii ina habari ya pili. Waumini wake, walioitwa Mayahudi weupe, waliwanyima haki sawa wenzao waliotokana na watumwa walioachwa huru. Hao waliketi ukumbi wa nje, mbali na wenye sinagogi. Abraham Barak Salem (1882–1967), mwanasheria wa uzao huo, aliupinga ubaguzi kwa njia ya Gandhi, bila ngumi wala matusi, hata akaisusia ibada, mpaka vizuizi vikaanza kulegea.

Je, ni adabu kutaja kosa la wasiokuwapo kujitetea? Wako wasemao kuwa aliyeondoka husitiriwa. Sitara ni jambo jema. Ila hapa humsitiri nani? Aliyebagua haihitaji tena, na aliyebaguliwa hutolewa nje mara ya pili, safari hii katika kumbukumbu. Tena, amkumbukaye mtu kwa uzuri tu humgeuza pambo. Amkumbukaye pamoja na kosa lake humkiri kuwa binadamu.

Mgeni hana uwezo wa kumrudisha mwenyeji. Lakini kabla ya kuvaa viatu vyake, aweza kuutazama ukumbi wa nje na kuuliza: hapa aliketi nani?