SIMU NI MLANGO: WAJIBU WA MWALIMU WA MADRASA

Ndugu msomaji, huenda ukadhani kwamba hatari ziwapatazo watoto katika intaneti ni jambo jipya ambalo dini haikulitolea mwongozo. Sivyo. Fungua Sura An-Nur ya Kurani Tukufu. Humo waumini wanaamrishwa wasiingie nyumba za watu bila kutaka idhini. Tena hata watoto wadogo wa nyumbani wanatakiwa kuomba ruhusa nyakati tatu: kabla ya sala ya Alfajiri, adhuhuri watu wapumzikapo, na baada ya sala ya Isha. Basi mtoto wa Kiislamu hufundishwa mapema kwamba mwili una heshima na faragha ina mipaka.

Simu nayo ni mlango. Mtu asiyethubutu kupita barazani mbele ya baba huingia kwa simu mpaka chumbani kwa mtoto, usiku, bila hodi. Huanza kwa sifa na zawadi, kisha huomba picha, na mwisho husema: "Usimwambie mtu." Mwanafunzi na afundishwe kwamba neno hilo ni alama ya mwizi. Asitaje shule wala mtaa wake, wala asitume picha ya mwili wake hata kwa amjuaye. Kwani mara nyingi mdhuru si mgeni kwa mtoto. Akitishwa kwamba picha itaenezwa, asilipe, asitume nyingine, asifute ujumbe, bali amwambie mtu mzima upesi. Tanzania na Kenya zinayo namba 116 ya kuwasaidia watoto.

Wako wasemao: "Tuwanyang'anye simu, yatosha." Lakini mtoto ataazima ya kaka yake, na hatari itamkuta hana elimu.

Tena, atamwambia nani ikiwa mwalimu wake anajulikana kwa bakora? Hadhrat Anas r.a. alimtumikia Mtume Mtukufu s.a.w. miaka kumi tangu ujana wake, naye ameshuhudia kwamba hakupata kusikia kwake hata neno dogo la kuchukizwa. Mtoto aliyelelewa hivyo hafichi siri imuumizayo. Lakini aogopaye kipigo hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko amtakako adui.

Kwa hiyo, ewe mwalimu, nawe mzazi, wafundisheni watoto kubisha hodi na kudai hodi. Kisha mlango wenu uwe wazi kwao, wasije wakakimbilia wa mwingine. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza amana hii. Amin.