Kila Mmoja Alijua Kipande Chake: Funzo la Kalehe kwa Sisi wa Kakontwe

Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Kivu, katika eneo la Kalehe, Kivu Kusini. Mvua kubwa ikanyesha milimani. Vijito ambavyo wakati wa kiangazi mtoto huvivuka bila kuloa magoti vikafurika kwa mpigo mmoja, vikateremka na matope, magogo na mawe makubwa ya kubomoa nyumba. Soko likazolewa. Bushushu, kijiji jirani, nacho kikapatwa vilevile. Baada ya siku chache maiti zaidi ya 400 zilikuwa zimepatikana, nyingine zikiopolewa ziwani hadi upande wa kisiwa cha Idjwi, na maelfu ya watu hawakujulikana walipo. Jumatatu ya tarehe 8 Mei nchi nzima ya Kongo iliomboleza.

Ninawasimulia habari hii ninyi majirani zangu wa Kakontwe, na wana Likasi kwa jumla, huku Haut-Katanga, nikijua jibu litakalonijia kwanza: Kivu ni mbali, na sisi hatuna milima ya namna ile. Ni kweli hatuna. Lakini ukiyachunguza maafa ya Kalehe kwa utulivu, utaona kwamba mlima haukuua peke yake. Hakuna hatari hata moja iliyokuwa siri. Kila kipande cha habari kilikuwa na mtu au ofisi iliyokijua. Kilichokosekana ni mahali pa kuvikutanisha vipande hivyo mapema, na mtu mwenye mamlaka ya kusema: leo soko lisifunguliwe.

Tuanze na dalili iliyokuwa wazi kuliko zote. Mwezi Oktoba 2014, miaka isiyofika tisa kabla ya maafa haya, mvua kubwa ilibomoa nyumba zaidi ya 700 katika Kalehe hiyohiyo. Umoja wa Mataifa ulisema watu zaidi ya 130 hawakuonekana. Watu wazima waliokuwa sokoni mwaka 2023 waliyakumbuka ya 2014. Wengine walizika ndugu. Hata hivyo maisha yalirudi palepale penye mito. Tusiwacheke. Hapo ndipo pana barabara, pana soko, pana ziwa la kuvua samaki, na udongo wenye rutuba. Ardhi tambarare chini ya mlima huwavuta watu, nayo mara nyingi imeletwa hapo na mto wenyewe, furiko baada ya furiko. Anayejenga juu yake anajenga katika njia ya maji. Mimi ningezaliwa pale, ningejenga palepale kwa baba yangu, na Alhamisi hiyo ningekwenda sokoni kama wengine. Mtu hahami nyumbani kwake kwa kumbukumbu tu. Anahama akionyeshwa pa kwenda, na akihakikishiwa kwamba huko atapata shamba na njia ya kuuza mazao yake.

Dalili ya pili ilikuwa milima yenyewe. Miti ilikatwa kwa ajili ya makaa, mbao na mashamba, mwaka hadi mwaka, mchana kweupe. Mlima wenye miti hunywa sehemu ya mvua na kuishika ardhi kwa mizizi. Mlima ulio uchi huyaachia maji na udongo vyote kwa pamoja. Mkulima wa juu alijua amefyeka. Mtu wa chini alijua mto umeanza kubadilika rangi na kuja na matope kila mvua. Wawili hawa hawakuwa na baraza la kuwakutanisha, na ofisi iliyopaswa kusimamia miti haikuwa ile iliyogawa viwanja chini.

Dalili ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei, mvua iliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wengi wao katika wilaya za magharibi, upande wa Ziwa Kivu. Ziwa ni lilelile. Mvua za msimu ule zilikuwa zilezile. Habari ilitangazwa redioni siku hiyohiyo, na siku iliyofuata watu wa Nyamukubi wakaenda sokoni kama kawaida. Nani alikuwa na wajibu wa kuichukua ile habari ya ng’ambo, kuiweka pamoja na ya 2014, kutazama hali ya milima, kisha kumpigia simu mkuu wa kijiji? Ukiuliza hivyo katika nchi yetu utapewa majina ya ofisi nyingi, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Hebu tuzihesabu. Kupima mvua na kutabiri hali ya hewa ni kazi ya Mettelsat, ambayo iko chini ya Wizara ya Uchukuzi. Miti na tabianchi viko chini ya Wizara ya Mazingira. Viwanja viko kwa watu wa ardhi. Ulinzi wa raia, yaani wale wanaotakiwa kuwaondoa watu hatarini, uko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Waathirika wakishapoteza kila kitu wanapelekwa kwa wizara inayoshughulikia misaada na mshikamano. Ongeza serikali ya jimbo, ongeza wakuu wa eneo, ongeza machifu wa kimila ambao ndio hasa hugawa ardhi vijijini. Kila mmoja ana mhuri wake na barua zake. Mvua, hata hivyo, haisubiri barua itoke wizara moja kwenda nyingine.

Wala si kwamba nchi ilikosa mipango. Kongo iliandika programu yake ya kwanza ya taifa ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi mwaka 2006. Mpango wa Taifa wa kuhimili, wa miaka 2022 hadi 2026, ulikuwa tayari umeandikwa. Maafa ya Kalehe yalitokea katika mwaka wake wa pili. Sipendi kuwabeza walioandika mipango hiyo. Ni kazi ya kisomi na inahitajika, hata kwa kuomba fedha za kimataifa. Lakini mpango unaoishia Kinshasa, kwa Kifaransa, katika kabati la wizara moja, haumfikii mama anayepanga nyanya zake chini Nyamukubi. Tena Katiba ya 2006 inasema majimbo yabaki na asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao; majimbo yamelalamika mara nyingi kwamba fungu hilo haliji kama lilivyoandikwa. Jimbo lisilo na fedha hutia saini mpango, kisha hungoja maafa ili liombe msaada.

Kuna jambo jingine linalopita kimyakimya. Baada ya maafa, wanasayansi wa World Weather Attribution, ambao kazi yao ni kuchunguza kama mabadiliko ya tabianchi yamechangia mvua fulani, walijaribu kuichunguza mvua ile ya Ziwa Kivu. Mwezi Juni 2023 walieleza kwamba hawakuweza kutoa jibu la uhakika, kwa sababu takwimu za mvua kutoka vituo vya hapo zilikuwa chache mno. Fikiri maana yake. Watu zaidi ya mia nne wamekufa, na hatuna hata vipimo vya kutuambia kwa hakika ni nini kimebadilika angani. Pasipo kipimo, hakuna onyo. Pasipo onyo, kila mvua inakuwa mshangao, hata kwa mtu aliyeishi hapo miaka sitini.

Sasa turudi nyumbani. Jina la Kakontwe linajulikana na wanajiolojia hata kuliko tunavyodhani: mawe ya chokaa tunayotembea juu yake yameipa jina tabaka zima la miamba linalofika hadi Ndola, Zambia. Jiwe hili lina tabia yake. Maji ya mvua huwa na asidi kidogo, nayo hulila polepole, yakatoboa nyufa, mashimo na mapango, ndipo maji mengi yakahifadhiwa chini. Faida yake ni kwamba hata kiangazi kirefu kikija, chini kuna maji. Hatari yake ni kwamba maji hayo hayachujwi vizuri. Katika mchanga, maji machafu hupita taratibu na kusafika njiani. Katika jiwe lenye mashimo, uchafu unaotupwa kwenye shimo hapa unaweza kutokea katika kisima cha jirani kule muda mfupi tu baadaye. Choo kikifurika wakati wa mvua kubwa, hufurikia visimani. Mwanzoni mwa 2008 kipindupindu kiliishika Likasi na Lubumbashi. Wengi wetu tunakumbuka mahema ya wagonjwa.

Basi jiulize nani anajua nini hapa kwetu. Watu wa afya wanajua ni avenyu gani huanza kuugua kwanza mvua zikianza. REGIDESO, shirika la maji, inajua mabomba yalipokatika na watu wanapolazimika kuchimba visima. Wachimba mawe wanajua mashimo mapya yalipo. Ofisi ya ardhi inajua viwanja ilivyovigawa. Wachoma makaa wanajua wamefika wapi katika miti ya kuelekea mto Lufira. Komini inajua mifereji iliyozibwa na mifuko ya plastiki. Ni vipande vilevile vya Kalehe, vimetawanyika vilevile. Swali si kama tutapata mafuriko kama yao. Kwetu hatari inaweza kuja kama ugonjwa, kama kisima kilichokauka au kuharibika, au kama bei ya unga.

Unga nao si mzaha. Mwaka 2024 ukame uliikumba Zambia hata Rais Hichilema akautangaza janga la taifa tarehe 29 Februari. Karibu hekta milioni moja za mahindi ziliharibika, kati ya milioni 2.2 zilizolimwa. Sisi wa Haut-Katanga, ambao kwa miaka mingi tumekula bukari ya mahindi ya Zambia, tuliuonja ukame ule mezani. Dalili zilikuwepo: El Niño, hali ya bahari inayovuruga mvua, ilitabiriwa tangu katikati ya 2023. Jimbo linalotegemea mahindi ya jirani lilikuwa na miezi kadhaa ya kupanga akiba na mbegu. Kupanga huko kungewahitaji watu wa kilimo, wa biashara, wa forodha na wa hali ya hewa wakae chumba kimoja.

Kwetu fedha si kisingizio kama ilivyo Kalehe. Sheria ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa asilimia 15 ya mrabaha wa madini moja kwa moja kwa mamlaka ya eneo lenye mgodi, na asilimia 25 kwa jimbo. Katanga ina migodi. Sehemu ya fedha hizo inaweza kununua vipimo vya mvua, kusafisha mifereji, kupima maji ya visima mara kwa mara, na kumlipa mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukusanya habari za ofisi hizo zote na kuzipeleka kwa meya, na kutoka kwa meya hadi kwa mkuu wa kartie. Vipimo vya mvua vya kawaida si ghali. Mwalimu wa shule ya msingi na wanafunzi wake wanaweza kuvisoma kila asubuhi.

Na tusidhani kwamba baada ya Kalehe nchi imekwisha jifunza. Mwezi Mei 2025, miaka miwili tu baadaye, maji yaliteremka usiku katika kijiji cha Kasaba, eneo la Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika, yakaua watu zaidi ya 100 wakiwa wamelala. Jimbo lilelile, mwezi uleule wa mwisho wa mvua, kijiji kingine kilichojengwa mto unapotoka mlimani. Mtu aliyekuwa na ramani ya Kalehe mkononi angeweza kuitafuta Kasaba akaipata.

Ndugu msomaji, mvua zetu huanza Oktoba au Novemba. Kabla hazijafika, nenda ofisi ya kartie yako uulize swali moja: kukiwa na hatari ya mvua, ya maji au ya ugonjwa, ni nani, kwa jina, mwenye wajibu wa kutuonya, na yeye habari anaipata kwa nani? Ukipewa jina la ofisi, omba jina la mtu. Usipopata jibu, rudi wiki inayofuata pamoja na majirani zako na mwalimu wa shule na muuguzi wa kituo cha afya, mkaombe kikao na burugumesta.